Lever na vitabu vya hesabu ambavyo hakufungua

Wandugu, kijana mwenye kutaka kuanzisha biashara anapewaga mashauri mawili: mmoja anamwambia «sikiliza vile roho inakuambia», mwingine anamwambia «piga hesabu kwanza». Wote wawili wanaongea sawa vile ni lazima kuchagua. Mimi napenda tuangalie mutu mumoja aliyefanya yote mawili, tena kwa kiasi kikubwa, na sehemu ya maisha yake ilipita hapa kwetu: William Lever, Mwingereza wa sabuni. Lusanga, pale Kwilu, ilibebaga jina lake, Leverville.

Lever alizaliwa mwaka 1851 pa Bolton. Baba yake alikuwa na duka la vyakula, na kijana aliingia humo akiwa na miaka 16. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata sabuni na kuifunga. Ile wakati sabuni ilikuwa miti mirefu isiyo na jina, muuzaji anakata na kupima. Mwaka 1884 Lever aliandikisha jina Sunlight, na mwaka uliofuata akaanza kutengeneza sabuni yake mwenyewe pa Warrington: vipande vidogo, vimefungwa mu karatasi, na mafuta ya mimea kuliko mafuta ya nyama. Watu wanaitaga hiyo kipaji. Mimi naona ni karibu miaka 18 ya duka njo ilikuwa inasema ndani yake. Alikuwa anajua mama mwenye kununua anataka nini, juu alimuona kila siku akirudia ama akikosa kurudia.

Sasa sabuni inakula mafuta. Mu makoloni ya Waingereza ya Afrika ya Magharibi walimkatalia ardhi kubwa, njo maana akageukia Wabelgiji. Tarehe 14/4/1911 alisaini mapatano, na Huileries du Congo Belge ikazaliwa: maeneo matano ya duara, na haki ya kupata mpaka hektari 750,000. Kama mutu wa agronomia, nasema ile hesabu ilikuwa na akili. Ngazi za porini ziko tayari, hakuna kungojea mti ukue. Mito inabeba mzigo. Unaweka mashine pa Lusanga, unakamua.

Lakini hesabu ilikuwa ya hektari na tani. Mukata ngazi hakuwa ndani. Ngazi ya msituni ni ndefu, imetawanyika, na nyingi ni dura, yaani ganda lake la ndani ni nene na nyama yenye mafuta ni kidogo. Kujaza mashine moja kunaomba watu wengi sana wapande na kamba, kila siku, na wabebe vikonyo mpaka barabarani. Kwa ile mushahara wengi hawakutaka. Basi Leta ikasaidia kompanyi: kodi, wachifu wakalazimishwa kutoa watu, wengine wakafungwa. Mwaka 1931, wakati bei ilianguka dunia nzima, malipo ya ngazi yakapunguzwa na kodi ikabaki. Wapende wakaasi. Askari wakaua mamia ya watu. Kwa hiyo musiniambie kama hesabu peke yake inaokoa. Hesabu inajibu tu kile uliuliza.

Lever hakuona hiyo 1931, alikufa mwaka 1925. Ila aliona nyingine. Mwanzo wa mwaka 1920, kisha vita, kila kitu kilikuwa kinapanda bei. Akanunua Niger Company, kompanyi kubwa ya biashara ya Nigeria, zaidi ya pauni milioni 8. Roho ilimwambia: chukua mbele wengine hawajachukua. Hakutuma mutu aangalie vitabu vya hesabu. Kisha kusaini njo ikaonekana deni la benki la karibu pauni milioni 2, na bei ya mafuta ikaanguka mwaka huo huo. Ile roho iliyojua mama wa sokoni pa Bolton haikuwa na njia ya kujua deni lililofichama mu karatasi. Mambo mawili mbalimbali kabisa! Aliyekuja kupanga nyumba upya alikuwa mutu wa hesabu, D'Arcy Cooper, na njo huyo alikamata kiti kisha Lever kufa.

Kwetu jibu la ngazi lilitoka pa Yangambi, kwa INEAC, ambayo iliundwa 1933. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kama tenera, ile ya ganda nyembamba na nyama nyingi, ni mutoto wa dura na pisifera. Ukipanda mbegu ya tenera iliyozaa na tenera mwenzake, robo itakuwa dura, nusu tenera, na robo pisifera, ambayo mara nyingi haizai matunda. Walifika hapo kwa kuhesabu mti kwa mti, miaka na miaka.

Bado leo kuna wauzaji wa miche wanaookota mbegu chini ya tenera nzuri, na wanaapa kama wanaitambua kwa macho. Kijana anatoa franka zake, anapanda hektari mbili. Mu pepinieri dura, tenera na pisifera zinafanana, na jicho la mutu halizitenganishe. Itajulikana ile siku tunda la kwanza litapasuliwa, kisha miaka mitatu ama mine.