Kamera kuukuu: Umri pekee si thamani
Kamera haipati thamani kwa uzee wake pekee. Brownie, kamera ya kadibodi iliyotolewa na kampuni ya Kodak ya Marekani mwaka wa 1900 kwa bei ya dola 1, ilinunuliwa na umati. Ndiyo maana nyingi za jamii hiyo zingali rahisi. Zile za mwanzo kabisa, zenye mfuniko wa nyuma kama wa sanduku la viatu, ndizo adimu. Baada ya uadimu, mkusanyaji hutazama hali: lenzi isiyo na kuvu na kasha la awali. Filamu pia huzingatiwa: ya 120 ingali inatengenezwa, ilhali Kodak iliacha kutengeneza ya 620 mwaka wa 1995. Hivyo, aliyerithi kamera asiiuze kabla ya kutambua aina yake.