Namba ya siri yafika kwenye nchi ya mkonge

Kwashemshi, wilayani Korogwe, mshahara wa mtu ulifungwa na namba miaka mingi kabla ya simu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika Pangani ikiwa hai. Mashamba yalipoenea, vibarua walichukuliwa kutoka Songea, Kigoma hadi Burundi, wakapewa namba na kuitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30. Akimaliza kazi ya siku anatiwa alama. Zikitimia 30, analipwa. Namba ile nyapara aliijua, karani aliijua, wenzake kambini waliijua.

Namba ya siri ni ya juzi. Mwaka 1967 benki ya Barclays ilifungua mashine ya kutolea fedha Enfield, London. Mbunifu wake, John Shepherd-Barron, alisimulia kwamba alitaka tarakimu 6, mkewe Caroline akamwambia yeye hukumbuka 4 tu. Zikabaki 4. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilikuja na tarakimu 4 hizo hizo.

Tarakimu 4 zinatoa namba 10,000, lakini anayeweka mwaka wake wa kuzaliwa amempunguzia mwizi kazi hadi chini ya 100. Na mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho cha NIDA, mara nyingi ndani ya pochi hiyo hiyo.

Tazama kibanda cha wakala siku ya malipo. Bibi anafungua pindo la khanga, anatoa simu ya vitufe, anamkabidhi kijana: "Mwanangu, nitolee elfu ishirini." Kisha anaitaja namba yake, foleni nzima inasikia. Wapo wanaosema ni ujinga wa kijijini. Nakataa kabisa. Bibi huyo huyo, kwenye kikundi cha akiba cha VICOBA, ndiye anayeshika ufunguo mmoja kati ya funguo tatu za sanduku la chuma, na hawezi kumpa mtu hata akiombwa na mwanawe. Siri anaijua vizuri. Kilichomshinda ni maandishi madogo na menyu ndefu.

Wakala mwema humfikisha hadi hatua ya mwisho, humrudishia simu, kisha hugeuka pembeni wakati bibi akibonyeza mwenyewe. Na kama kumbukumbu imechoka, namba iandikwe, ila karatasi ibaki nyumbani chini ya kufuli. Ikikunjwa ndani ya kava la simu, mwizi ataikuta akitoa laini.