Kujiteremsha si kuteremshwa

Wanaoanza kukwea miamba, kama wanaojifunzia kwenye Mnara wa Fischer huko Hell's Gate, Naivasha, huambiwa kwamba wakifika juu "watashuka kwa kamba". Maneno hayo hayatoshi, kwa kuwa mtu hushuka kwa kamba kwa njia mbili. Pengine mwenzake aliye chini huishika kamba na kuilegeza polepole. Huko ni kuteremshwa. Pengine yeye mwenyewe huipitisha kwenye kifaa cha breki kilichofungwa kwenye mkanda wake wa kiunoni, na mkono wake, ulio chini ya kifaa hicho, ndio unaozuia mwendo. Huko ni kujiteremsha.

Wapo watakaosema muktadha unatosha. Kwenye mwamba hautoshi hata kidogo. Ajali zimetokea kwa sababu aliye juu aliuegemeza uzito wake kwenye kamba akitarajia kuteremshwa, kumbe mwenzake, akidhani atajiteremsha, ameshaiachia. Upepo ukivuma, ukelele wa "nashuka!" hausemi uzito unabebwa na nani. Wengine wataona neno "kujiteremsha" ni refu, heri la kigeni. Lakini hiyo -ji- inamkabidhi mwanafunzi kazi yake: mkono wa breki hauiachii kamba, na fundo la mwisho wa kamba ni lake kulikagua kabla hajauacha ukingo. Basi wawili wapatane miguu ingali ardhini, kwa kauli kamili: "Utaniteremsha," au "Nitajiteremsha."