Mwili, Mlio na Vinasaba: Historia ya Kutenganisha Spishi za Nyenje

Mwaka 2018 nyenje ambaye tayari alikuwa akifugwa nchini Kenya kwa ajili ya chakula alipewa jina lake la kisayansi: Scapsipedus icipe. Kabla ya hapo alidhaniwa kuwa Scapsipedus marginatus. Viungo vya uzazi vya dume pamoja na vinasaba vya mitokondria ndivyo vilivyothibitisha kwamba ni spishi mbili. Mfugaji alikwisha kumjua mdudu wake. Vitabu ndivyo vilivyochelewa.

Kosa la aina hii si geni. Nchini Marekani, James Rehn na Morgan Hebard walichunguza vielelezo vikavu vya makumbusho, na mwaka 1915 wakawaweka nyenje wote wa asili wa jenasi ya Gryllus katika spishi moja, Gryllus assimilis. Hawakuwa wazembe. Rangi, urefu wa mbawa na urefu wa mrija wa kutagia hubadilika sana hata ndani ya spishi moja, na kielelezo kilichokauka hakilii. B. B. Fulton wa North Carolina aliwasikiliza wakiwa hai. Mwaka 1952 alionyesha kuwa katika jimbo hilo peke yake palikuwa na makundi manne yaliyotofautiana kwa mlio, makazi na majira. Miaka mitano baadaye Richard Alexander akaipanga upya taksonomia ya nyenje wa mashariki kwa msingi huo.

Hata hivyo, sikio nalo lina mipaka yake. Gryllus veletis hupevuka majira ya kuchipua, Gryllus pennsylvanicus majira ya kupukutika kwa majani. Kwa umbo na mlio ni vigumu kuwatenganisha. Mwaka 1960 Alexander na Robert Bigelow walidai kuwa spishi hizo zilitokana na jamii moja iliyogawanywa na majira. Hoja ilikuwa nzuri mno. Mwaka 1995 vinasaba vya mitokondria vilionyesha kwamba hao si ndugu wa karibu kabisa: pennsylvanicus yu karibu zaidi na Gryllus firmus wa nyanda za pwani.

Na hapo vinasaba vyenyewe vikakwama, kwa kuwa firmus na pennsylvanicus huzaa machotara wanapokutana. Tena kwa upande mmoja tu: jike wa pennsylvanicus huzaa na dume wa firmus, ilhali jike wa firmus hapati watoto kwa dume wa pennsylvanicus. Kipande kimoja cha mitokondria hakiwezi kuamua kesi kama hiyo. Ndiyo maana David Weissman na David Gray, walipotambua spishi 35 za Gryllus nchini Marekani mwaka 2019, 17 kati yake zikiwa mpya, walitegemea mlio, vinasaba, umbo na mzunguko wa maisha kwa pamoja.

Kwa washauri wa sera wa ukanda wetu, takwimu zozote za lishe au ukuaji zilizokusanywa kutoka mabanda ya Kenya kwa jina la S. marginatus sharti zihakikiwe upya. Kibali cha kusafirisha nyenje hai kuvuka mpaka nacho kiambatane na dume aliyehifadhiwa makumbusho, rekodi ya mlio wake na mfuatano wa vinasaba vyake.