Nani Kasema Mtoto Atolewe Nje?

Katika makanisa yetu ya mjini kisa hiki hutokea karibu kila Jumapili. Mahubiri yamefika katikati, mtoto wa miaka mitatu anaanza kuuliza maswali kwa sauti, mara anaingia chini ya benchi, mara anataka maji. Mama anamziba mdomo. Vichwa vinageuka. Mzee wa kanisa anakuja kwa kunyata na kuonyesha mlango. Mama anatoka na mwanawe, na Jumapili inayofuata haonekani. Swali langu juma hili ni moja tu: desturi hii ya kumtaka mtoto atulie kama gogo tumeitoa wapi?

Tuanze na benchi lenyewe. Kwa karne nyingi makanisa ya Ulaya hayakuwa na mabenchi ya waumini. Watu walisimama, walipiga magoti, na watoto walikuwa humo humo miguuni mwa wazazi wao. Katika makanisa mengi ya Kiorthodoksi desturi ya kusimama ingalipo hadi leo, na mtoto mchanga hupewa Komunyo tangu anapobatizwa. Mabenchi yalienea sana baada ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, mahubiri yalipokuwa marefu na kuwa kiini cha ibada. Hapo ndipo kukaa kimya kulipoanza kuhesabiwa kuwa ndiyo heshima yenyewe.

Wapuriti waliohamia New England, Marekani, katika karne ya 17 walikwenda mbali zaidi. Wavulana walitengwa na wazazi wao, wakakalishwa ngazini au roshani, na mtu maalumu mwenye fimbo ndefu akawekwa kuwachunga. Matokeo yake? Vijana walisukumana na kucheka, na malalamiko hayakuisha. Ukiwakusanya watoto mahali pamoja bila baba wala mama, usitegemee fimbo ikuletee utulivu.

Mwaka 1780 akatokea Robert Raikes wa mji wa Gloucester, Uingereza, mwenzetu katika kazi ya magazeti. Aliwaona watoto wanaofanya kazi siku sita wakizurura ovyo mitaani Jumapili. Akawaanzishia shule ya Jumapili, nao wakafundishwa kusoma na kupelekwa kanisani. Mwaka 1783 aliandika habari hizo katika gazeti lake, na shule hizo zikaenea. Tuangalie vizuri hapa: shule ile iliwachukua watoto wa mitaani ikawaingiza kanisani. Leo sehemu nyingine tunaitumia kuwatoa wale waliokwisha kuingia.

Upande wa Wakatoliki, mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliagiza watoto wapokee Komunyo ya kwanza wafikapo umri wa kutambua, yaani kama miaka saba, wakati sehemu nyingi walikuwa wakisubiri hadi miaka kumi na zaidi. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua mlango wa lugha za wenyeji. Kabla ya hapo wazee wetu walikaa utotoni mbele ya Misa ya Kilatini. Mwaka 1973 ukatoka mwongozo wa Misa pamoja na watoto. Uliruhusu maneno mepesi, picha, ishara na vipindi vya ukimya. Hata wachanga haukuwasahau: wanaweza kutunzwa pembeni, kisha waletwe mwishoni wabarikiwe pamoja na wengine. Kwa maneno mengine, anayetoka anatarajiwa kurudi.

Najua wapo watakaoniambia kwamba mtu mzima naye ana haki ya kusali kwa utulivu. Kweli kabisa. Mtoto anayepiga mayowe atolewe kwa muda, abembelezwe, kisha arudishwe. Lakini tofauti ya kumpumzisha mtoto na kumfukuza mama yake ni kubwa.

Dawa ninazoziona ni za kawaida. Mkalishe mtoto mbele anakoona, maana huko nyuma anaona migongo tu. Mweleze nyumbani kabla ya kutoka ni nini kitafanyika. Mpe sadaka aipeleke mwenyewe. Kama mama yuko peke yake na watoto watatu, jirani wa benchi ampakate mmoja badala ya kumkazia macho. Na mhubiri naye akumbuke saa.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Wengi hulitumia neno hilo kutetea ukali. Mimi nakubaliana nalo, ila nauliza: samaki uliyekwisha kumtupa nje, utamkunja lini?