Sataranji ya mtandaoni: Mivutano ya saa, ada na uaminifu

SATARANJI ya mtandaoni ni mchezo wa watu wawili walio mbali, kila mmoja mbele ya kompyuta au simu yake, huku seva ikipokea hatua ya mmoja na kumfikishia mwenzake. Seva hiyo ndiyo refa: hukataa hatua isiyo halali, hupima muda, hutangaza matokeo na kuhifadhi kumbukumbu ya pambano.

Kabla ya hapo, waliotenganishwa na masafa walichezeana kwa barua za posta, na pambano moja liliweza kuchukua miaka.

Seva ya kwanza ya kuwakutanisha wachezaji papo hapo, Internet Chess Server, ilianza nchini Marekani Januari 1992. Haikuwa na picha za kupendeza. Ubao ulichorwa kwa herufi na vistari, na mchezaji aliandika hatua yake, mathalani e2e4, yaani askari aliye mbele ya mfalme asonge miraba miwili.

Tatizo kubwa lilikuwa saa. Muda ambao hatua ilipotea njiani ulihesabiwa kuwa wa mchezaji, hivyo mwenye mtandao wa kujikokota alishindwa hata akiwa na kete bora. Daniel Sleator, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliisuluhisha kasoro hiyo kwa programu iliyopima muda kwenye kompyuta ya mchezaji mwenyewe. Bila marekebisho hayo, michezo ya dakika moja, inayoitwa risasi, isingekuwa na maana yoyote.

Lakini Sleator huyohuyo ndiye aliyezusha mfarakano. Mnamo 1995 aliigeuza seva hiyo kuwa biashara, Internet Chess Club, kwa ada ya dola 49 kwa mwaka. Baadhi ya waliojitolea kuandika programu zake walighadhabika, wakidai kazi ya wengi imegeuzwa mali ya mmoja. Mwaka huohuo walifungua seva yao ya bure, Free Internet Chess Server. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, kwani mitambo nayo haijiendeshi kwa shukrani.

Mgawanyiko huo haujafutika. Chess.com, iliyofunguliwa 2007, ni kampuni inayouza uanachama ingawa kucheza ni bure. Lichess, iliyoanzishwa 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, huendeshwa kwa michango na haina matangazo.

Kila mchezaji hupewa alama zinazopanda au kushuka kulingana na nguvu za mpinzani. Alama hizo ndizo humkutanisha na anayelingana naye, na ndizo huwashawishi wengine kudanganya. Programu ya simu leo humshinda bingwa yeyote wa dunia, na anayeiuliza kisirisiri haonekani na mtu. Seva hulinganisha hatua zake na zile ambazo kompyuta ingechagua, aidha huchunguza muda anaotumia kufikiri, kisha humfungia mshukiwa akaunti. Mwaka 2022, Mmarekani Hans Niemann alikiri kwamba alidanganya mtandaoni akiwa na umri wa miaka 12 na tena akiwa na 16, ingawa alikanusha kufanya hivyo ana kwa ana.

Wakati mwingine hakuna wa kulaumiwa. Agosti 30, 2020, fainali ya Olimpiadi ya mtandaoni ya shirikisho la dunia, FIDE, iliwakutanisha Urusi na India. Mkondo wa kwanza uliisha sare ya 3-3. Katika wa pili, hitilafu ya intaneti iliyokumba nchi nyingi iliwakatia mawasiliano Nihal Sarin na Divya Deshmukh wa India, na saa zao zikaisha. Urusi iliongoza, India ikakata rufaa. Kamati ya rufaa haikuafikiana, ndipo rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, akaamua timu zote mbili zipewe dhahabu.