Dawa na sumu ndani ya kuvu

Wasomaji wetu wanajua kwamba penisilini ilitoka katika kuvu, jamaa ya ule ukungu unaoota juu ya mkate wa siku nyingi. Lakini kuvu haimtumikii mtu. Inajitengenezea vitu vyake, na mara nyingi dawa na sumu hukaa nyumba moja. Tuangalie namna wataalamu walivyojitahidi kuzitenga.

Mwaka 1931, huko Uingereza, Hetherington na Raistrick walitoa katika kuvu Penicillium citrinum kitu cha manjano, wakakiita sitrinini. Baadaye ikajulikana kwamba kinaharibu figo.

Mwaka 1971 Mjapani Akira Endo alianza kutafuta dawa ya kupunguza kolesteroli, mafuta yanayoziba mishipa ya damu. Yeye na wenzake walijaribu kuvu zipatazo 6,000. Mwaka 1972 wakapata kitu chenye nguvu. Kumbe ni sitrinini! Ilishusha kolesteroli ya panya, lakini iliumiza figo zao. Wakaiacha. Mwaka 1973 wakapata kompaktini, dawa ya kwanza ya namna hiyo. Nayo ilitoka wapi? Katika Penicillium citrinum, kuvu ile ile iliyoipa sumu jina.

Mwaka 1979 Endo akatoa dawa ya jamii hiyo katika Monascus, kuvu nyekundu ambayo Wachina wanaiotesha juu ya mchele tangu zamani. Lakini mwaka 1995 ilionekana kwamba Monascus nayo yatoa sitrinini. Basi, kuliko kuchuja sumu kila siku, afadhali kuizuia isizaliwe. Mwaka 2005 wataalamu wa Japani waligundua jeni, yaani amri ya urithi, inayoleta sitrinini katika Monascus purpureus. Walipoivunja, kuvu iliishi, sumu ikakoma.

Je, kazi imekwisha? Hata kidogo. Mwaka 2024, katika Japani, watu zaidi ya 100 walilazwa hospitalini baada ya kumeza vidonge vya mchele mwekundu, wengi wakiugua figo. Kuvu iliyotumiwa haikuwa ya kutoa sitrinini. Lakini kuvu nyingine, ya rangi ya buluu, iliingia kiwandani, ikaleta sumu yake, asidi ya puberuliki.

Tunajifunza nini? Kuvunja jeni kunasafisha mbegu; hakusafishi shamba. Anayetengeneza dawa hana budi kulinda yote mawili, kwani mgonjwa anameza kwa kuamini tu.